Msimu wa baiskeli ulipoisha Doha niliamua kutembea doria kweli kweli, nikaitwa nijieleze

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Mimi humu huwa nasoma tu. Shule yangu iliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa taratibu, kwa hiyo uzi huu nimeuandika siku nne, kidogo kidogo, nikiwa kitandani kambini. Yote yamenitokea mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wenyewe bado wako kazini.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka ishirini na minne. Niko Doha mwaka wa pili, kazi yangu ni ulinzi. Kambi tunayolala iko Muaither, saiti ninayolinda iko Lusail.

Mwaka jana mwezi wa nne nilienda kliniki kwa sababu ya kiu. Nakunywa maji, kiu haiishi. Nesi akanipima, akasema sukari inapanda. Bado haijawa ugonjwa kamili, ila iko mlangoni. Akaniambia nipunguze sukari kwenye chai na nifanye mazoezi nusu saa kila siku. Nikipuuza, nitaanza vidonge, na vidonge hivyo huwa havina mwisho.

Wengine wangesikia na kusahau. Mimi siwezi.

Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Nilikuwa darasa la sita. Niliyekuwa namtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani jioni ni mimi, na ndiyo sababu moja ya shule yangu kuishia pale. Hayo tuyaache.

Nikanunua baiskeli kwa Mnepali aliyekuwa anarudi kwao. Kiti kimechanika, breki ni moja. Lakini inakwenda.

Kwa ambao hawajafika huku: kiangazi cha Doha jua linatoka mapema sana, saa kumi na moja alfajiri haijafika tayari kumepambazuka. Basi letu la kazini linaondoka saa kumi na moja na robo. Nilikuwa nikimaliza kuswali nachukua baiskeli, nazunguka mitaa ya Muaither dakika arobaini, narudi nimelowa jasho kama nimetoka kisimani, naoga, napanda basi. Mwezi wa tisa nesi akapima, akatabasamu.

Kisha majira ya baridi yakaja.

Najua nyumbani mtu akisikia baridi inazuia baiskeli anafikiria theluji. Huku hakuna theluji. Baridi ndiyo wakati mzuri kuliko wote, wenye nafasi zao wanajaa kwenye bustani wanakimbia na viatu vya rangi. Shida yetu ni mwanga. Jua linatoka baada ya saa kumi na mbili, wakati sisi tumeshaingia lindoni. Linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati bado tuko lindoni. Unaondoka kambini gizani, unarudi gizani.

Jamaa mmoja wa chumba cha jirani akaguswa na lori akiwa kwenye baiskeli gizani, akavunjika mkono. Msimamizi wa kambi akatoa amri, baiskeli zote zifungwe mnyororo ukutani mpaka mwanga urudi. Sisi tunasema msimu wa baiskeli umeisha. Hata mimi nikaona amri ni ya haki.

Mwezi ukapita. Suruali ya kazi ikaanza kubana. Halafu siku moja nikiwa kwenye basi nikajikuta nimemaliza chupa ya maji na bado nina kiu.

Ile kiu niliijua.

Nikajiambia, kama mwanga wote wa siku naumalizia lindoni, basi mazoezi yangu yatakuwa lindoni.

Sasa hapa niwaeleze kazi yetu ilivyo, la sivyo hamtaelewa kesi ilitoka wapi.

Saiti yetu ni eneo kubwa lenye uzio, ndani kuna majengo ambayo hayajaanza kukaliwa. Tuko wawili kwa shifti. Kila baada ya saa mbili mmoja anatakiwa azunguke uzio wote. Kuna pointi kumi na moja. Pointi ni kidude cha chuma, ukubwa wa kifungo cha koti, kimebandikwa ukutani kwa gundi. Wewe unabeba kifaa kama tochi fupi, unagusisha kwenye kidude, kinalia. Kikilia maana yake umefika pale.

Mwenzangu wa shifti ni Mkenya, nimwite Barasa. Ana miaka arobaini na kitu, mcheshi, anajua kazi kuliko mimi. Ndiye alinifundisha kusema "sir" bila kutetemeka.

Kiangazi kile Barasa alizibandua pointi zote kumi na moja, akaziweka kwenye kopo la bati la biskuti ndani ya kibanda chetu cha getini. Ikifika saa ya doria unafungua bati, unagusa mbili, unakunywa chai, unagusa mbili nyingine. Dakika nane au tisa umezunguka uzio wote ukiwa umekaa kwenye kiti.

Sitajifanya mtakatifu, wakuu. Nje lilikuwa joto la kuyeyusha soli ya kiatu. Nililipenda lile bati.

Lakini baridi ilipokuja bati lilibaki pale pale, kwa mazoea tu.

Mimi ni mtu wa aibu, kumwambia mtu mzima jambo kama hili kulinichukua siku tatu. Siku ya nne nikamwambia, kaka Barasa, nataka kuzirudisha pointi ukutani.

Akaniangalia, akaliangalia birika la chai.

"TZ, umechoka na maisha mazuri?"

Nikamweleza habari ya sukari. Akakiweka kikombe chini. Kisha akasema pole, ila yeye ana goti bovu, hawezi kutembea ule uzio. Goti hilo hilo Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, linaruka kwenye sifa kule kanisani Mesaimeer, video alinionyesha mwenyewe. Sikulisema hilo. Nikamwambia akae, raundi zake nitatembea mimi.

"Zote?"

"Zote."

"Basi wewe ni malaika," akasema, "na malaika hawalipwi ovataimu."

Tukakubaliana hivyo. Nikanunua gundi, nikazirudisha moja moja kwenye alama zake za zamani.

Raundi ya kwanza nilichukua dakika thelathini na nne. Nilirudi nahema. Kwa siku ni raundi sita.

Siku za mwanzo buti zilinichubua visigino, nikaanza kuvaa soksi mbili. Kona ya pointi ya saba iko upande wa bahari, upepo wake unapenya jaketi mpaka mbavuni. Kuna siku vumbi lilijaa hewani nikatembea nimefunga kitambaa puani. Kuna siku ilinyesha, njia ya nyuma ikawa bwawa, nikapita juu ya matofali. Paka wawili wakanizoea, wananifuata kutoka pointi ya tatu hadi ya tano, hapo wanageuka, sijui mpaka wao uliwekwa na nani.

Wiki ya pili kiu ikapungua. Wiki ya tatu mkanda ukarudi tundu moja nyuma. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Na hapo ndipo kosa langu likajitokeza.

Mimi nilidhani kile kifaa kinaandika tu kwamba umegusa. Sikujua kwamba kinaandika na muda, kutoka pointi hadi pointi.

Supavaiza wetu ni Mganda, aliwahi kuwa mwanajeshi kwao, nimwite Afande Okello. Alikuja na karatasi. Akaiweka mezani, kidole chake kikubwa juu ya namba. Miezi yote iliyopita raundi ya saiti yetu ni dakika nane, tisa. Wiki tatu hizi ni thelathini na nne, thelathini na tano. Daftarini raundi zote zina sahihi yangu, na ofisini wamesema huyu mlinzi analala kati ya pointi na pointi. Natakiwa niandike maelezo, kesho asubuhi ayachukue. Maelezo yasiporidhisha ni barua ya onyo, na kwetu ukiwa na onyo mkataba ukiisha hauongezwi.

Wakuu, hebu fikirieni. Nilipokuwa nakaa nilikuwa mlinzi hodari. Nilipoanza kutembea nimekuwa mlalaji.

Afande alipoondoka Barasa alikuwa amekunja uso. Hakuwa na utani tena. Ana watoto watatu shule, na yeye ndiye aliyebandua zile pointi. Nikisema ukweli wote, yeye anapanda ndege. Na mimi pia, maana kiangazi chote bati nilikuwa nalifungua kwa mkono wangu.

"Andika mguu unauma," akaniambia. "Umekuwa ukichechemea, ndiyo sababu umechelewa. Ni uongo mdogo tu, na hauchomi mtu."

Kwa kweli ulikuwa uongo mzuri. Ungetuokoa wote wawili.

Usiku ule nilikaa na karatasi. Nikaandika "Mguu wangu", nikashindwa kuendelea. Nilimwona baba kwenye kiti chake pale uani. Natembea raundi sita kwa siku ili huu mguu ubaki wangu, halafu niuandike kwenye karatasi ya ofisi kwamba ni mgonjwa? Nikaikunja ile karatasi, nikachukua nyingine.

Maelezo yangu yalikuwa mistari mitatu. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa:

"Mimi silali, natembea. Dakika thelathini na nne ndiyo urefu wa njia. Naomba mtu mmoja aje tutembee naye."

Barasa aliposoma asubuhi akashika kichwa. Akasema, TZ, umetumaliza.

Afande Okello akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Nilidhani atafoka. Akavua saa yake mkononi, akaishika kwenye kiganja.

"Haya," akasema. "Twende."

Kulikuwa na ukungu mzito asubuhi ile, pointi ya pili huioni ukiwa kwenye ya kwanza. Tukatembea. Mimi mbele, yeye nyuma. Pointi ya nne nikasikia pumzi yake, ni mtu mnene siku hizi. Paka walipotokea akawauliza kama na wao ni wafanyakazi wa kampuni. Sikuthubutu kucheka.

Pointi ya tano akasimama. Akainama ukutani, akapitisha kidole pembeni ya kidude. Gundi ilikuwa mpya, imetoka nje kidogo, na nyuma yake ile alama ya duara ya zamani ilionekana, kidude hakikukaa sawa juu yake.

"Hii gundi ni ya lini?"

Ningeweza kusema sijui.

"Ya wiki tatu, afande."

"Na kabla ya hapo?"

Sikumtaja mtu. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Kabla ya hapo kulikuwa na joto, afande."

Maji ya ukungu yalikuwa yanadondoka kwenye kofia yake. Halafu akatingisha kichwa, akacheka kwa puani.

"Nyinyi munafikiri mimi nilizaliwa supavaiza? Mimi nimekaa geti miaka sita." Akaanza kutembea tena. "Twende, saa inaenda."

Tulifika getini kwa dakika thelathini na nane. Barasa alikuwa amesimama wima, kofia kichwani. Afande alimpita. Aliinua lile bati la biskuti, akalitikisa likiwa tupu, akaliweka chini.

Wakuu, adhabu haikukosekana. Mimi na Barasa wote tulipewa onyo la mdomo, na tukaambiwa likirudiwa ni nyumbani. Fundi akaja na drili, pointi zote zikafungwa kwa skrubu, za saiti yetu na za wenzetu. Ofisi ikaweka kwamba raundi yetu isipungue dakika thelathini. Na kila mlinzi atembee raundi zake mwenyewe, hakuna kusaidiana.

Kwa hiyo nilibaki na raundi tatu badala ya sita. Nyingine tatu ni za Barasa na goti lake.

Kambini walinichukia. Nikipita wanasema huyo hapo mtembeaji. Barasa hakunisemesha wiki mbili. Chai alikuwa anapika ya mtu mmoja, na hilo liliniuma kuliko onyo.

Siku moja akarudi kutoka raundi ya alasiri, akakaa, akavua mkanda. Akachukua msumari akaanza kutoboa tundu jipya. Hakuniangalia.

"Hao paka wako," akasema, "wananifuata mpaka pointi ya saba."

Siku hiyo chai ilikuwa ya watu wawili. Yangu hakutia sukari.

Nesi alinipima mwezi uliopita. Imeshuka. Haijafika anapotaka, ila imeondoka mlangoni. Vidonge bado sijaanza.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nasubiri msimu wa baiskeli urudi ndipo niuokoe mwili wangu, kumbe njia ilikuwepo kazini muda wote, tumeifungia kwenye bati. Na la pili, usiusingizie mwili wako ugonjwa unaoukimbia.

Ila kuna jambo bado linanisumbua, na Barasa hukumbushia kila siku: "Julai utajibu, TZ."

Ni kweli. Skrubu zile hazitajua kwamba ni Julai. Jua la saa saba mchana kwenye ule uzio linaweza kumwangusha mtu, na safari hii bati halipo. Nilimfuata Afande Okello mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambia kiangazi raundi ziwe za asubuhi mapema na jioni tu, mchana wafunge kamera ziangalie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno hayapelekwi ofisini, niandike.

Nimeshaandika mistari miwili.

Walio ulinzini Ghuba, na yeyote anayejua barua kama hii inakaaje, nisaidieni mstari wa tatu. Na wewe ambaye jua linakukuta kazini na kukuacha kazini, unautoa wapi muda wa kutembea? Nitasoma yote. Kujibu nitachelewa, lakini nitajibu.