Chachu ya Mutheu Iliyomwagwa Mashimoni

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, watu saba walikuwa kwenye foleni ya uji wa Mutheu huko Mashimoni, Kibera, alipoanguka akiwa na upawa mkononi. Homa alikuwa nayo tangu Jumapili, akiificha.

Uji wake wa wimbi ulikuwa mchachu. Kila siku alibakiza kikombe kimoja mtungini cha kuchachushia uji wa kesho. Chachu hiyo aliitoa Kitui miaka kumi na minne iliyopita, wala haikuwahi kukatika.

Hospitalini macho yake yakageuka manjano. Wifi yake, Kaveke, alipoyaona alirudi Mashimoni mbio, akaumwaga uji wote mtaroni na kuusugua mtungi kwa jivu. "Uchachu umemla ini!" akawatangazia majirani, nao wakasadiki.

Mutheu alizinduka siku ya tano. Maneno hayo ya Kaveke yalimfikia, yakamuuma kuliko sindano.

"Daktari, ni kweli uji wangu ndio ulionilaza hapa? Wateja watanikimbia."

Daktari Valentine aliketi kando ya kitanda. "Maambukizi yalianzia kwenye figo, mama, yakaenea katika damu. Mwili ulipozidiwa, ukuta wa utumbo ulilegea. Bakteria wanaoishi matumboni mwetu sote, wasio na ubaya wakikaa kwao, wakapenya, damu ikawafikisha kwenye ini, nalo likaumia. Sasa linapona. Uji haumo katika kesi hii."

"Umesikia, Kaveke?" Mutheu alimgeukia wifi yake aliyesimama mlangoni.

"Nimesikia, wifi. Lakini nimeshaumwaga."

"Na mtungi umeusugua?"

"Mara mbili."

Mutheu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Basi nenda Kawangware kwa Musimbi. Alipohama Mashimoni nilimpa chupa ya chachu ile ile. Na umweleze mwenyewe kwa nini unaiomba."

Kaveke alikwenda, akaeleza, akarudi na chupa.

Jumatano, tarehe 12 Juni, Mutheu alishika upawa tena. Watu walisimama mbali kidogo, wakitazamana. Kaveke akapaza sauti: "Nilikosea mimi! Ni maambukizi na bakteria wa tumboni, si uji!"

"Niaje, daktari?" Okoth, fundi viatu, alimtania. "Juzi si ulikuwa askari wa mtungi?" Akanyoosha kikombe chake, wa kwanza. Wengine wakamfuata.

Kati ya wale saba wa Mei, waliokunywa Jumatano hiyo walikuwa sita. Wa saba, Boaz, alikuwa amehamia Riruta.