Tembe Chini ya Kitanda

Mume wangu alikuwa fundi cherehani huko Temeke, enzi za Mwingereza, na riziki yetu yote ilitoka kwenye mguu wake wa kulia, ndio uliokanyaga cherehani. Siku alipoanguka kutoka paani akibadilisha makuti, mguu huohuo ulivunjika, chini ya goti. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Alimjua mtu aliyeingia na miguu miwili akatoka na mmoja, basi mjadala ukaishia hapo.

Aliitwa bibi mmoja wa Kizaramo, mtaalamu wa mifupa. Alipasha moto mafuta ya chatu, akaukanda mguu, akaunyoosha huku mume wangu akiing'ata kanga yangu, kisha akaufunga kwa vijiti vya mwanzi. Halafu akaomba kuku. Nilimpa tembe mwekundu, hajaanza hata kutaga. Akamvunja mguu kwa vidole viwili, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto, akampaka mafuta yaleyale na kumfunga vilevile. Tembe akawekwa chini ya kitanda cha mgonjwa. Bibi alisema siku kuku atakapotembea, ndipo na mguu wa mume wangu utafunguliwa.

"Huyu kuku ndiye mguu wa mwanangu," mama mkwe aliniambia bibi alipokwisha kuondoka. "Akifa, mguu umekwenda."

Sikumuuliza neno hilo amelitoa wapi. Nililimeza zima zima.

Asubuhi ya siku ya sita nilimkuta tembe amekufa. Mume wangu alikuwa bado amelala, mama mkwe yuko kisimani. Nilimzika nyuma ya choo, nikaenda mbio Chang'ombe kwa mwanamke aliyefuga kuku, nikapata tembe mwekundu mwingine. Kumvunja mguu nilijaribu, nikashindwa. Nilimfunga vijiti vya marehemu akiwa mzima wa afya, nikamsukumia chini ya kitanda, nikabandika uji.

Wiki iliyofuata bibi alirudi. Alimfungua tembe, naye akajiendea zake akidonoa sakafuni.

"Mbona mapema hivi?" alisema bibi, akimfuata kwa macho. "Haya, mie sibishani na mfupa. Tumfungue na baba."

Mama mkwe alipiga vigelegele. Neno lilinifika kooni, nikalirudisha. Niliogopa kuitwa mwanamke aliyeua mguu wa mumewe.

Mume wangu alikanyaga chini, akacheka. Kabla mwezi haujaandama mguu ulikuwa umepinda kwa nje, na cherehani ikamshinda moja kwa moja. Akawa mtu wa kushona vifungo na kudarizi kofia kwa mkono, kazi ya ujira kiduchu. Hakumlaumu mtu. Alisema kila kiumbe na mfupa wake, na wake ulikuwa mvivu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule bibi msibani. Nilimwamkia, nikamuuliza kama kwa udadisi tu: kuku akifa kabla mgonjwa hajapona, inakuwaje?

Alinitazama kama niliyeuliza maji yanachotwa wapi.

"Inakuwaje nini, mwanangu? Kuku hufa. Mnaniita, namvunja mwingine."

Nilisikia uchungu ambao sikuusikia hata siku mguu ulipopinda. Nilimshukuru, nikaenda kukaa na wenzangu waliokuwa wakichambua mchele.