Kofia Iliyokuwa na Mwenyewe

Kanuni ya uzi niliitunga mimi, na mimi ndiye niliyeivunja. Nalisema mapema hili ili mtu asije akanionea huruma kabla ya wakati.

Ilikuwa Makorora, kwenye ukumbi mdogo ambako vijana wa mtaani hukutana nasi watu wazima siku tatu kwa wiki. Yuko anayewafundisha kuchora, yuko wa biashara, na yuko nesi mstaafu anayewakalisha mkekani waseme kinachowaelemea moyoni. Mimi nilipewa kofia za viua, na kwa kuwa mdomo wangu hauna likizo, nikajiongezea na biashara kidogo. Viua ni yale matundu madogo yanayotobolewa kwenye kitambaa cheupe na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka kofia nzima ichanue. Kofia moja yaweza kula miezi. Wasio na subira hunikimbia kabla ya safu ya pili.

Kichwa cha mtu tunakipima kwa uzi na kupiga fundo, kisha uzi huo tunauacha ndani ya kofia yake. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi: kofia yenye uzi ndani ina mwenyewe, isiyo na uzi ni ya kuuzwa. Niliwaimbia hadi wakawa wanaisema wao kabla sijafungua kinywa. Aliyekosea nilimwambia mwenye macho haambiwi tazama, wenzake wakacheka.

Basi akaja binti mmoja wa Nguvumali, umri kama miaka kumi na tisa, mpole wa kupitiliza. Alikuja na nusu ya kofia, imefungwa ndani ya kipande cha leso. Mama yake alikuwa akimshonea baba yake, mauti yakamkuta hajaimaliza. Upande mmoja ulijaa viua vya mama, wa pili ulikuwa na mistari ya penseli tu. Ndani mlikuwa na uzi wa kipimo, na fundo alilipiga marehemu mwenyewe.

"Nataka niimalize, baba aivae," aliniambia. "Sina jingine, mwalimu."

Baba yake aliugua sukari. Ilishamchukua mguu mmoja, na macho nayo yalikuwa yakififia. Kila jioni binti alirudi na kofia nyumbani, mzee akaipapasa kwa vidole akisema, hapa mama yako, hapa wewe. Mwanzoni hakupata taabu kutofautisha, maana viua vya binti vilikuwa vikubwa kama macho ya samaki. Nilimfumulia sana. Nikampa na kofia nyingine ya kujifunzia, ya mchoro uleule, ili makosa yaishie huko. Siku moja akaja anacheka, jambo la nadra kwake. Jana yake mzee alikuwa amepapasa akakosea, mkono wa binti akauita mkono wa mama. Nilikwenda uani nikalia, kisha nikarudi nikawagombeza wote bila sababu.

Kofia ilikamilika masika yalipoanza. Aliifua, akaitia wanga, ikasimama wima. Jumamosi ile tulikuwa na maonyesho, na wageni wanaotusaidia vifaa walikuwa njiani. Nikamwambia ailete mezani watu waione.

"Mwalimu, isije ikauzwa."

"Ina uzi ndani. Nani ataigusa?"

Akaiweka kando ya ile ya kujifunzia, ambayo nayo ilikuwa imekwisha. Adhuhuri akaomba ruhusa ampelekee baba yake chakula.

Wageni walipofika na kamera zao niliitazama meza yangu nikaiona haya. Nyuzi zilikuwa zikining'inia kila upande, meza inafanana na kapu la fundi mvivu. Nikazichomoa zote nikazitia mkobani. Nilijiambia kazi za wanafunzi wangu nazijua. Mimi huyo, na miwani nimeiacha nyumbani!

Akaingia mtu mmoja kutoka barabarani, amevutwa na kipaza sauti. Akajaribu kofia, ikamkaa. Nikaishika nikaigeuza, nikaona ni ile ya kujifunzia, nikamsifia kama ninavyowafundisha, akanunua na kuondoka nayo kichwani. Binti aliporudi nilimpokea kwa vigelegele. "Nimekuuzia!" Wenzake wakapiga makofi. Nikamtia noti mkononi, na mgeni mmoja akamwomba asimame apigwe picha. Alisimama kama alivyoambiwa. Hapo ndipo alipotupa jicho mezani na kuiona kofia iliyobaki.

Hakupiga kelele. Aliiokota, akapitisha kidole ndani yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uzi uko wapi, mwalimu?"

Baba yake angeitambua gizani. Mimi mwenye macho sikuitambua, nikaiuza.

Nilimtafuta mnunuzi kama mwendawazimu. Wageni hawakumjua. Nilikwenda Ngamiani kwa mzee wa Kihindi anayetuuzia nyuzi, maana wapenda kofia wote hupita dukani kwake, akaahidi kuuliza, na aliuliza kweli. Nilimwendea imamu, akatangaza baada ya sala ya Ijumaa, wanaume wakazivua kofia zao kuzikagua. Zililetwa tatu. Nilikuwa na miwani yangu safari hii. Hakuna iliyokuwa yenyewe.

Wiki iliyofuata, mkekani, nesi alimuuliza binti ana zito gani. "Sina, namshukuru Mungu," akasema. Nilikaa mbele yake na mdomo wangu huu, nikashindwa kusema kwamba zito lake ni mimi. Kuja hakuacha, wala hakuacha kuniamkia shikamoo. Laiti angenitukana.

Haukupita mwezi baba yake akafariki. Nilikwenda matangani nikakaa na wanawake, tukaletewa wali. Shangazi yake, ambaye hakujua habari yoyote, alikuwa akiwasimulia watu.

"Marehemu mpaka siku ya mwisho anauliza, kofia haijakauka? Mtoto anamjibu, bado baba, mvua. Kila siku bado, mvua. Ati kofia gani hiyo haikauki?"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Nililirudisha tonge sahanini. Nilimtazama binti upande wa pili wa chumba, naye alikuwa akiwagawia watu maji ya kunawa, hakuinua macho. Alipofika kwangu alinimiminia taratibu, akangoja mpaka nimalize.

Mimi sijui kuomba radhi kwa maneno. Najua kushona. Nilichukua kitambaa kipya, nikachora mchoro ule kwa kumbukumbu, nikaupima kwa ule uzi wa mkobani, wenye fundo la marehemu mama yake, ambao nilikuwa sijathubutu kumrudishia. Nilishona asubuhi kabla ya chai na jioni mpaka macho yakaniuma. Miaka yote ya kushona sijapata kutoa kofia kama ile, na nasema hivi bila kujisifu, kwa kuwa kila kiua nilikipiga kwa hofu. Nikaifua, nikaitia wanga, nikaurudisha uzi ndani.

Arobaini ilikuwa imeshapita nilipoifikisha. Nilimkuta ukumbini peke yake, amefika mapema kufagia. Ukutani juu yake ilitundikwa ile picha, yeye na noti mkononi, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba vijana wetu wanaweza. Nilifungua mkoba. Nikamnyooshea kofia.

Aliuegemeza ufagio ukutani, akafuta mikono kwenye gauni. Akaipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akaipapasa pole pole kuzunguka, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Alizunguka mara mbili. Nilijua anatafuta mahali mkono mmoja unapokoma na mwingine unapoanza, na nilijua hatapaona.

Akafumbua macho. Akauchomoa uzi, akalikagua fundo lake, akaufunga kwenye ncha ya mtandio wake. Kofia akanirudishia.

"Ni nzuri sana, mwalimu," akasema. "Hii iuze."