Debe la Mwisho la Mahindi ya Serikali

Mwaka ambao mafuriko yalibeba mpunga wetu, serikali ilileta mahindi ya msaada kijijini kwetu, si mbali na Namawala. Balozi wa nyumba kumi aliandika orodha akipita mlango kwa mlango. Huku kwetu msimu wa mpunga familia nzima inahamia shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, na nyumba ya kijijini inafungwa kwa kamba. Sisi tulikuwa bado huko, tukifukua kilichobaki kwenye tope. Balozi, yule mjinga, akaona mlango umefungwa, akapita. Alicheza ngoma kwenye harusi yangu, na bado akapita.

Siku ya mgao tukawa wawili tusio na majina, mimi na jirani yangu wa shambani. Mwanangu alikuwa na siku ya tatu anakunywa uji wa pumba tu. Jirani alikuwa na mtoto wake mgongoni. Mwanamke huyu ndiye aliyemnyonyesha mwanangu nilipolazwa na malaria. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Tulisimama juani tangu asubuhi, na kila tukisogea mgambo aliyesimamia mgao alituchapa fimbo za miguu. Mwishowe likabaki debe moja.

"Afande, tupimie nusu kwa nusu," nikamwomba.

"Nimechoka na nyie. Gawaneni wenyewe."

Akalimwaga chini, kwenye mchanga, akasimama kututazama.

Jirani alianza kuzoa kwa kanga. Nikamwambia asubiri tupime, hakusubiri. Nikamkamata nywele. Akaniuma mkono, kovu lake ninalo mpaka leo. Nikainua ndoo yangu ya bati nikampiga nayo usoni, mara mbili, mdomo ukapasuka. Mtoto alikuwa akilia mgongoni kwake, na mimi nikapiga magoti nikazoa. Watu walicheka. Mgambo alicheka kuliko wote.

Nilizoa karibu yote. Nyumbani nikayaosha damu na mchanga, nikayachemsha. Mwanangu akala, akaomba tena, nikampa. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Wa kwake alikula nini siku ile sijui, wala sikuwahi kuuliza. Tulihamia mashamba tofauti. Kinachonichoma ni kwamba mgambo alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu.