Hamira Iliyoota

Maabarani walimwita Dada Hamira, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya protini: ipi hushikana na ipi mwilini. Alizitia mbili mbili ndani ya chembe za hamira, kisha akazipanda kwenye kisahani chenye lishe pungufu. Protini zikishikana, hamira huota vidoti vyeupe. Zisiposhikana, hufa njaa. Hakuna uchawi hapo.

Protini aliyoichunguza ilikuwa na kasoro ya ukoo wao. Kasoro hiyo ilimzika baba, na sasa ilikuwa miguuni mwa kaka yake, fundi cherehani, imemtia ganzi kuanzia vidoleni hadi magotini. Dada mwenyewe alipimwa, akakutwa salama. Mwanzoni alilia, siku hizi hasikii kitu moyoni. Damu ya kaka ilitoa protini mbovu, isiyoshikana na mwenzake, yake ikatoa nzima ya kulinganishia.

Jumatatu, kisahani cha kumi na nne, chenye protini mbovu na dawa ya majaribio ya kuishikisha, kiliota. Sheria ya maabara ni kurudia mara tatu ndipo ufungue mdomo. Lakini damu ni nzito kuliko maji, akapiga simu.

"Kaka, imeshika!"

"Usinitanie, dada."

Kwa ajili ya miguu, kaka alikuwa amekwisha kumwahidi fundi mwenzake cherehani yake. Akaghairi siku ileile.

Jumatano Dada Hamira aliporudia, hakikuota kitu. Alhamisi vilevile. Akakagua vichupa. Kumbe Jumatatu mkono wake, kwa mazoea ya miaka sita, ulichukua kichupa cha safu ya juu, cha protini nzima. Iliyoota ilikuwa yake mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaimbia wageni wa maabara methali hiyo! Aliandika daftarini "haikushikana", akanawa mikono, wala hakuona uchungu.

Jioni alimkuta kaka kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, gurudumu akilizungusha kwa mkono. Akachutama miguuni pake, chini ya meza ya cherehani, akamweleza yote.

Kaka akacheka kidogo. "Kwa hiyo iliyoota ni yako?"

"Yangu, kaka. Nisamehe."

"Mmoja wetu kaota, si haba. Kesho mwambie mwenzangu aje aichukue cherehani."

Dada Hamira alikuwa ameukumbatia mguu wa kaka yake kwa mikono miwili, ameubana kwa nguvu zote, machozi yakiudondokea.

"Mbona huinuki?" kaka aliuliza kutoka juu. "Umedondosha nini huko chini?"