Magunia ya Udongo Mlangoni mwa Kambi

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa na miaka kumi, na hapo ndipo shida ilipoanza kwetu. Baba aliachishwa kazi katika kiwanda cha shaba, hapa Likasi nchini Kongo, na enzi zile mtu akitoka kazini alitoka na nyumbani pia, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kampuni. Lakini nikiukumbuka mwaka ule sikumbuki machozi. Nakumbuka harufu: maganda ya mihogo yaliyooza vizuri, yamechanganyika na jivu na majani ya migomba, yana joto kama kitu chenye uhai. Hata leo nikiipata harufu hiyo mahali, njaa inanishika. Mnaweza kucheka. Mama yangu alichekwa zaidi.

Nieleze kwanza tulivyoishi kambini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Maji yalikuwa bure, umeme bure, unga wa posho bure. Basi watu walikuwa na neno moja la kumaliza kila mazungumzo: ni ya kampuni. Robine inamwaga maji mchana kutwa? Ni ya kampuni. Taa inawaka jua likiwa utosini? Ni ya kampuni. Hata sisi watoto tukivunja kitu tulisema hivyohivyo, kisha tukaendelea kucheza.

Kwa mama, neno hilo lilikuwa tusi. Alizaliwa kando ya mto Lufira, na umeme wetu ulitoka bwawa la Koni, kwenye mto huohuo. Kwake yeye, taa za Likasi zilikuwa zinaunywa mto wa kwao. "Zimisha ampuli," alituambia, "mutoni upumuke kidogo." Mimi na mdogo wangu Monga tuliamini kabisa. Tulikuwa tunazima taa, tunakaa kimya, tunatega sikio tumsikie Lufira akipumua. Monga aliapa kwamba alimsikia akikohoa.

Maji nayo hayakuruhusiwa kufanya kazi moja tu. Yaliyoosha mboga yalituosha miguu, na yaliyotuosha miguu yalikwenda kunywesha lengalenga, mchicha wetu. Maganda, jivu la mbabula yetu ya makaa, mifupa ya samaki, vyote vilikwenda katika shimo nyuma ya nyumba. Mtoto aliyetupa ganda jalalani alirudishwa kulichukua kwa mkono wake, wenzake wakimtazama. Mimi nilirudishwa sana.

"Mama Ngoie," alisema jirani yetu, Mama Kapinga, ambaye mdomo wake haukujua kulala, akimwita mama kwa jina langu, "weye unachunga maji ya kampuni sawa vile uliizaa!"

"Ningezaa maji ningekuwa tajiri," mama akamjibu. "Funga robine yako, inalia."

Siku ya kuhama baba alileta pusu-pusu, lile rukwama la magurudumu mawili. Tukapakia kitanda, magodoro na vyungu, ikabaki nafasi ndogo. Baba aliiweka kwa ajili ya fotei zake, viti viwili vya kitambaa chekundu ambavyo sisi watoto tulikatazwa hata kuvigusa. Mwanamume wa kiwanda alijulikana kwa fotei. Akageuka kuzichukua, akamkuta mama amesimama na magunia ya udongo mweusi, aliouchimba shimoni tangu alfajiri.

"Mama Ngoie, utanipitisha na bulongo mbele ya bantu?"

"Fotei inakulwa?"

"Bantu banaangalia!"

"Baangalie. Kule tunaenda bulongo ilikufa, moshi ya kiwanda iliimaliza. Batoto batakula nini? Kitambaa?"

Fotei zikabaki kwa Mama Kapinga, na baba akalivuta rukwama kichwa chini, kama mtu anayefuata jeneza.

Mlangoni mwa kambi, zamu, yaani mlinzi, akatusimamisha. Shaba ilikuwa inaibwa, na gunia zito halikupita bila kuulizwa.

"Sitwayeni," akasema, yaani raia, maana wakati ule ndivyo tulivyoamriwa kuitana, "ndani iko nini?"

"Bulongo."

"Bulongo! Muntu anahama na bulongo? Unaona minye mutoto? Iko shaba. Mwanga chini."

"Mwanga weye," mama akasema.

Zamu akamwaga. Magunia yote, katikati ya barabara. Watu wakajaa. Zamu akakunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka kiwiko akitafuta shaba, mara akauchomoa kwa ukelele: nyungunyungu mnene amejiviringisha kwenye kidole chake. Watoto wa kambi wakaanguka kwa kicheko. Zamu hakucheka. Aliaibika, na mtu aliyeaibika akiwa na kofia ya kazi ni hatari.

"Basi," akasema, "hii bulongo ilitoka kambini. Ni ya kampuni. Inabakia hapa."

Nilimtazama mama. Nilijua bila udongo ule hatutaotesha kitu, na posho haikuwepo tena. Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaokota mfupa mmoja.

"Hii samaki nilipika siku ya Paska. Kampuni ilikuya kukula na siye?" Akaokota ganda. "Hii muhogo nilimenya minye. Jivu ni ya makala ya mbabula yangu. Sawa, ita patron yako, ule mukubwa. Akuye aseme hapa, mbele ya bantu bote, ati kampuni inataka takataka ya Mama Ngoie."

"Ita patron!" sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mama Kapinga, aliyekuja kutuaga. "Ita yeye! Na minye nitamuletea yangu!"

Umati ukaidaka: ita patron, ita patron. Zamu akatazama njia ya ofisini, kisha akatazama kidole chake.

"Ondoeni buchafu yenu! Mbio!"

Tukazoa kwa mikono, mimi, Monga na mama. Halafu nikaona mikono mingine mikubwa ikizoa pamoja nasi, ikitoka katika shati jeupe. Baba alikuwa amepiga magoti barabarani, na bantu wakiangalia.

Kiwanja chetu kipya kilikuwa kwenye mteremko wa njia ya Kambove, chekundu, hata nyasi zilikiogopa. Mama alitandaza udongo wake katika matuta membamba. Maji yalichotwa mbali, na familia nyingine zilizotoka kambini zilipata taabu kubwa, watoto wao wakimwaga kama waliozaliwa chini ya robine. Sisi tulijua kazi ya maji. Lengalenga ikaota, nyekundu kwa kijani, tukala na bukari, ugali wetu.

Alasiri moja baba alirudi kutoka kutafuta kazi, koti lake limefungwa bunda kifuani. Tukakimbia tukidhani ni nyama. Yalikuwa maganda, aliyoyaomba kwa wapishi wa sokoni. Akayaweka mbele ya mama.

"Ya nani?" mama akauliza.

"Ya kwetu," baba akasema, akaenda kunawa. Maji ya kunawa akayapeleka kwenye tuta.

Utotoni nilidhani mama anauhurumia tu mto na udongo. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, kampuni ikiwa imedhoofika na kambi nzima ikijifunza kwa njaa yale sisi tuliyofundishwa kwa kuchekwa. Alitulea tujione wenye mali kabla hatujawa na mali, kwa sababu asiyejiona mwenye mali hatunzi kitu.

Shule niliiacha darasa la nne. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, kisima chenye kifuniko, shamba la mboga bondeni, miti ya avoka, nguruwe, na baiskeli mbili za kupelekea mizigo sokoni. Vyote viko kwa jina langu.