Namba ya Mume Wangu

Wajukuu zangu hutaniana kwamba fulani anachapa kazi kama manamba, nami huwakemea mpaka wananyamaza. Hawajui wanachokisema. Neno lenyewe ni namba, la Kiingereza, walilokuja nalo mabwana wa mashamba ya mkonge. Kila aliyeandikwa kazi alipewa namba, akaitwa kwa namba, na watu wa tambarare wakawaita wote manamba, kama vile mtu angeweza kuliacha jina lake getini asubuhi na kulikuta jioni. Mwanzoni lilikuwa neno la wageni walioletwa kwa treni kutoka mbali. Kisha likapanda milima ya Upare, likaingia nyumbani kwangu.

Mume wangu alitia dole gumba kwenye mkataba wa shamba moja chini ya Same, mtoto wetu wa kwanza akiwa bado mgongoni. Alipokuja kupumzika Jumapili alikuwa na kibati shingoni, kimefungwa kwa uzi wa katani: mia nne na kumi na saba. Nilikichukia kibati kile. Nikimfulia shati nilikivua nikakitundika nje kwenye mpini wa jembe. Ndani hakikuingia.

Jumapili moja mvua ilinyesha kutwa, na alfajiri ya Jumatatu pembe ikalia. Ukingo wa ndiva, bwawa letu linalolisha mifereji yote ya mashamba, ulikuwa umebomoka. Kwetu pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia, kila nyumba hutoa mwanamume. Asiyekwenda hunyimwa maji, na hata akifiwa watu hawamwendei. Lakini aliyeacha kazi ya mkataba bila ruhusa alifungwa jela.

"Baba mtoto, wewe shuka shambani," nilimwambia. "Nitakwenda mimi."

"Nikishuka leo, nani atakuja kutuzika?" akasema, akabeba jembe. Nilikasirika, nikakichomoa kibati kwenye mpini nikakiacha uani.

Wanaume walikuwa kwenye tope hadi kiunoni, nasi wanawake tukisomba mawe, walipotokea nyapara wa shamba na tarishi wa boma mwenye kamba begani. Nyapara akawaamkia wazee, "Shikamooni," wakamwitikia. Akasema anamtafuta mtoro. Alikuwa mgeni kazini, hakumjua mume wangu kwa sura. Akataja jina. Lilikuwa jina la ubatizo, na nusu ya wanaume pale walibatizwa nalo.

"Ni mimi," mmoja akasema.

"Hata mimi," akadakia mwingine, na mzee mmoja kibogoyo akasema naye yumo. Watu wakacheka. Mimi jiwe likanidondoka.

Nyapara alikunja uso, akanong'onezana na tarishi. Mume wangu alikuwa ameinama katikati ya wenzake, mgongo umejaa tope kama migongo yote. Kibati kilikuwa nyumbani. Hapakuwa na mtu ambaye angemtaja, na kati yetu wanakijiji walioijua ile namba ni mimi na yeye tu. Nilimwomba Mungu amtulize hivyohivyo, asinyanyue kichwa. Tarishi akaanza kurudi njiani, nyapara akamfuata, nami nikaanza kuvuta pumzi.

Nyapara akageuka ghafla. Akapaza sauti kama wanavyopaza kule shambani alfajiri, watu wakiwa wamepangwa mistari kabla ya kazi.

"Mia nne na kumi na saba!"

"Nipo!" mume wangu akajibu.

Jibu lilimtoka kabla hajajua. Alisimama wima na jembe mkononi, ameshangaa kuliko sisi sote. Na mama yake, ambaye asubuhi nzima alikuwa akimwita kwa jina aje anywe uji asimsikie, akajifunika uso kwa kanga.